Bahari imelala sebuleni kwa mama: ni bamvua, ni kusi, au kisiwa kinazama?

#1 BintiKengeja (Jumatatu, saa 2:10 usiku)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Jana alfajiri mama kanipigia simu kutoka kijijini. Ni kusini Pemba, upande wa Mkoani, kijiji sikitaji maana huko sote tunajuana. Ananambia, "Mwanangu, bahari imelala kwangu." Nikadhani mvua. Anasema mvua ina wiki haijadondoka. Ni maji ya chumvi: yamepita mikokoni, yamekata uwanja wa mpira, yamelijaza bonde la mpunga, yakafika kizingitini na kuingia sebuleni mpaka kwenye kifundo cha mguu. Hiyo ilikuwa saa kumi na nusu. Saa moja na nusu yameshatoka, yameacha matope, chupa za plastiki na kaa mmoja chini ya kitanda.

Nyumba ile kajenga babu miaka ya sitini. Mama kaolewa pale, kazalia pale, na anaapa kwamba zamani maji hayakufika hata uani. Sasa hii ni mara ya tatu katika miaka minne. Mara mbili za mwanzo yaliishia kwenye banda la mbuzi. Kusi lilikuwa likivuma kwa nguvu toka Ijumaa, ati mpaka makuti ya banda yakaruka.

Naomba wanaojua wanambie ni kitu gani hiki, maana kijijini kila mtu ana lake. Na kisima je? Maji yake leo yana ladha ya chumvi.

#2 Sikuamini (saa 2:13)

Nimekaa mkao wa kula. Kaa alikuwa mkubwa?

#3 BintiKengeja (saa 2:15)

Kaa kaliwa. Kama huna jibu pisha wenye majibu.

#4 MzeeWaDema (saa 2:52)

Pole bibie, mpe pole na mama.

Jana ilikuwa mwezi 16. Hapo pasikutishe. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na ya mwezi mwandamo, halijazi siku ile ya mwezi kumi na nne watu wanapouangalia ukipendeza. Linajaza siku moja mbili baadaye. Na kwetu maji ya bamvua hujaa saa kumi, alfajiri na jioni, Unguja na Pemba ni hivyo hivyo. Saa kumi na nusu aliyosema mama ni ya bahari yenyewe, haikupotea njia. Yangeingia saa nne asubuhi ningekwambia kuna jambo, kwa sababu saa hiyo siku za bamvua maji yanakuwa yamekupwa mpaka huko.

Na bamvua si sawa mwaka mzima. Makubwa ni mawili, la Machi na la Septemba. Sasa tunaliingia la Septemba, na kusi ndiyo linaaga, tumo mlangoni mwa demani. Upepo ukivuma siku tatu mfululizo kutoka baharini na maji yakawa ya bamvua, yanayopwa hayapwi yakesha, yanayojaa yanakuta mengine hayajaondoka. Mie nimevua miaka 41. Bahari haikuzidi, imekutana na upepo.

#5 Karafuu_Mbili (saa 3:05)

Mzee kamaliza. Mods fungeni uzi.

#6 Mtaro_Funguni (saa 3:20)

Msifunge. Mie niko mjini Unguja na jana jioni mtaani kwetu maji yametoka chini, kwenye mtaro! Mvua hakuna. Bahari ikijaa inaingia kwenye mdomo wa mtaro na kutembea kinyumenyume mpaka barabarani. Na ikikutana na mvua ya masika ndiyo basi, maji ya mvua hayana pa kutokea mpaka bahari ipwe, tunasubiri masaa.

Lakini mzee mmoja wa mtaani katucheka. Anasema pale mnapoishi palikuwa baharini. Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa, mkono wa bahari ukiutenga na Ng'ambo, ukajazwa kidogo kidogo na kufanywa barabara na viwanja. Hoteli ya Bwawani nayo mnadhani kaiita hivyo nani, na kwa nini? Maji yanarudi kwao tu.

#7 Sikuamini (saa 3:24)

Kwa hiyo bahari ina hati ya kiwanja.

#8 Mtaro_Funguni (saa 3:25)

Na ya zamani kuliko yako.

#9 Mwl_Ramani (saa 4:40)

Nasomesha jiografia sekondari, kwa hiyo nivumilieni.

Mzee wa Dema yuko sahihi kwenye saa na kwenye bamvua. Nataka kugusa upepo. Watu wakisikia dhoruba ya bahari wanadhani ni mawimbi tu. Kuna mawimbi, na kuna bahari nzima kuvimba. Ya pili huletwa na mambo mawili. Moja ni mgandamizo wa hewa: hewa ikiwa nzito inailalia bahari, ikiwa nyepesi bahari inanyanyuka. Kila milibari 1 ikishuka, maji yanapanda kama sentimita 1. Pili ni upepo kuyasukuma maji kuelekea nchi kavu na kuyarundika pale.

Sasa tufanye hesabu ya kwetu. Tuko nyuzi 5 na 6 kusini ya ikweta, mgandamizo wetu hauchezi sana. Kusi hata likiwa kali linabadilisha milibari chache. Sentimita chache hizo haziingii sebuleni kwa mtu. Upepo nao hurundika maji vizuri kwenye bahari fupi, yenye kina kidogo. Mkondo wa Unguja, ile bahari kati ya kisiwa na bara, ni mfupi, makumi ya mita tu. Mkondo wa Pemba kina chake ni mamia ya mita. Ukiyasukuma juu yanarudi kwa chini. Kwa hiyo kusi peke yake Pemba simkubalii mzee moja kwa moja. Kuna kitu cha tatu.

#10 MzeeWaDema (saa 4:58)

Mwalimu, mkondo uko magharibi. Kijiji cha bibie, kama ndicho ninachokidhania, kinatazama kusini, na mbele yake ni visiwa, mafungu na maji ya magoti tu. Pale hata dau linakwama. Maji yakisukumwa ndani ya ghuba ile hayana chini ya kurudia. Hesabu ni nzuri, ila pima na mahali.

#11 Mwl_Ramani (saa 5:02)

Hapo umenipata. Nakubali, kwenye ghuba fupi upepo una kazi.

#12 Zenj_Uholanzi (Jumanne, saa 12:30 asubuhi)

Salamu kutoka kwenye baridi. Nimesoma uzi mzima nikiwa kwenye treni.

Huku nilipo jambo hili lina historia nzito. Usiku wa tarehe 31 Januari kuamkia 1 Februari 1953 dhoruba ya kaskazini ilikutana na bamvua, ikavunja matuta ya Uholanzi usiku watu wamelala. Walikufa 1,836 hapa, na Uingereza 307. Toka hapo wakaanza kujenga milango ya bahari. Kila mwisho wa baridi ukikaribia wazee wa hapa hutazama upepo kama sie tunavyotazama mwezi wa Ramadhani.

Ya karibu zaidi ni ya Ufaransa, usiku wa 27 kuamkia 28 Februari 2010, dhoruba waliyoipa jina Xynthia. Ile ndiyo inanikumbusha kwa mama wa Binti. Upepo ulikuwa mkali, lakini wamezoea wakali kuliko ule. Balaa lilikuwa saa: kilele cha dhoruba kilikutana na maji kujaa ya bamvua. Bahari ikazidi kama mita moja na nusu juu ya ilivyotarajiwa. Mji mdogo wa La Faute-sur-Mer ulipoteza watu 29. Nyumba zilijengwa nyuma ya tuta, chini, kama ndani ya sahani. Tuta lilipopitwa maji yakaingia na hayana pa kutokea. Wengi waliokufa walikuwa wazee, nyumba hazina ghorofa.

Dhoruba ile ile ingefika saa sita kabla, maji yamekupwa, pengine leo hatuijui hata jina.

#13 Mwl_Ramani (saa 1:15 asubuhi)

Ahsante sana Zenj. Na angalieni kile kigezo changu: ile ilishusha mgandamizo hadi karibu milibari 970. Kawaida ni 1013. Ondoa, unapata sentimita 43 za kunyanyuka peke yake, zilizobaki ni upepo. Kwetu hatuna hayo.

#14 Kipanga_Wete (saa 2:00 asubuhi)

Hatuna? Na tufani Hidaya ya 2023 mmeisahau? Boti zilisimama, watu wakalala bandarini.

#15 Karafuu_Mbili (saa 2:11)

Ilikuwa Mei 2024 shekhe, na iliingia Mafia tarehe 4. Sisi tulipata makali ya pembeni. Kabla yake Jobo, Aprili 2021, ilitutisha wiki nzima ikafika hoi. Kenneth ya Aprili 2019 ndiyo iliyokuwa jini, lakini ikaenda Msumbiji.

Nyinyi mnaosema hatupati tufani someni 1872. Tarehe 15 Aprili tufani iliipiga Unguja, ikazamisha merikebu za Sultani Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu na minazi mashamba kwa mashamba. Pemba ikasalimika. Ndiyo maana karafuu mpaka leo ni Pemba. Babu zenu wa Unguja walikuja kutuomba miche.

#16 Mtaro_Funguni (saa 2:20)

Hamjaomba kitu nyie zaidi ya kiwanja cha kufungulia duka. Maji yakiingia kwa Mpemba sebuleni, kufika mchana kashaweka meza anauza samaki.

#17 BintiKengeja (saa 2:22)

Na Muunguja atakuja kununua kwa mkopo. Turudini kwenye mada.

#18 Karafuu_Mbili (saa 2:23)

😂😂 Kaunguzwa.

#19 Mwani_Jambiani (saa 5:40 asubuhi)

Mimi nalima mwani. Nimeingia sasa hivi kwa sababu maji yamekupwa na nimetoka kuhesabu hasara.

Kwetu pwani ya mashariki mwamba uko mbali, mawimbi yanavunjikia kule na sie ndani tunapata maji tulivu. Ndiyo maana mwani ukashika huku. Sasa maji yakijaa ya bamvua mwamba unazama sana, wimbi linapita juu yake bila kuvunjika vizuri, linakuja zima zima. Jumamosi na Jumapili limeng'oa vigingi na kukata kamba. Taitai, zile nyuzi za kufungia mwani, zimeachia, mwani wote umetupwa ufukweni umechanganyika na mchanga. Kusi kila mwaka linakata mwani, hilo si geni. Geni ni wimbi kufika kwenye ukuta wa hoteli na kurudi. Ukuta ule umejengwa mbele kuliko mstari wa minazi. Wimbi likiupiga halifi, linarudi na kuchota mchanga wa jirani. Nyumba ya kaka yangu iko ubavuni mwa ukuta, msingi uko nje kama meno.

Kwa hiyo mnaposema bamvua na upepo, sawa. Ila bahari inapiga mahali palipovuliwa nguo.

#20 Mlilana (saa 6:15 mchana)

Nilikuwa nasubiri mtu afike hapo.

Binti, uliposema maji "yamepita mikokoni" nilijua. Ngojea nikuulize: mbele kabisa kuelekea bahari kuna mti gani? Kama bado kuna mililana yenye mizizi inayochomoza juu kama vidole, maji yangefika lakini yamechoka. Nyuma yake ndipo wanakaa mikoko yenye mizizi ya miguu mingi, kisha msinzi na mkandaa, na mchu kwenye ukingo. Kila mmoja ana daraja lake. Mkikata wa mbele wa nyuma hawawezi kazi ile.

Pemba ina mikoko mingi kuliko Unguja, na ndiyo hiyo imekatwa kwa boriti, kuni za chumvi na kuchomea chokaa. Halafu kuna siku ya sherehe ya kupanda, tunapanda vijiti vya mkoko kwenye uwazi wa mbele kwa sababu mbegu yake ni ndefu, rahisi kuchomeka na inapendeza kwenye picha. Pale ni mahali pa mlilana. Baada ya bamvua mbili havipo.

#21 BintiKengeja (saa 6:50)

Nakubali, na inaniuma. Marehemu baba alikuwa na tanuri la chokaa. Nyumba yetu ya pili imejengwa kwa chokaa ile. Mbele kulikuwa na mililana mpaka nilipokuwa darasa la tatu, nnakumbuka kwa sababu tulikuwa tukichezea ile mizizi. Sasa ni uwazi.

Lakini Mlilana, miti ya mbele imekatwa miaka 30 iliyopita. Maji yameanza kuingia miaka minne hii. Ilikuwa wapi bahari miaka yote hiyo?

#22 Mlilana (saa 7:05)

Ilikuwa inakula tope. Mti ukifa mizizi hubaki inashika udongo miaka kadhaa, kisha inaoza, udongo unashuka na kuchukuliwa. Hukuona kwa sababu kazi ilifanyika chini.

#23 Mwl_Ramani (saa 9:30 alasiri)

Hoja nzuri, lakini swali la Binti la "kwa nini sasa" lina majibu mengine, na hapa ndipo mimi mwenyewe sijatulia.

Bahari ya dunia imepanda kama sentimita 20 toka 1900, na sasa inapanda kama milimita 4 kwa mwaka. Hiyo ni ndogo kuliko kizingiti, lakini kizingiti chenyewe kinapitwa kwa kidole kimoja. Mahali tambarare kama kusini Pemba sentimita 10 za kupanda zinatembea ndani makumi ya mita.

Hata hivyo bahari haipandi sawasawa kila mahali. Bandarini Unguja kuna kipimo cha maji toka 1984, na miaka 20 ya mwanzo kilionesha usawa ukishuka kidogo. Wapo waliochukua hilo kuwacheka wanaosema bahari inapanda. Ilikuja kupanda baadaye. Bahari ya Hindi ina tabia ya kuinama: mwaka upande wetu ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, maji yetu yananenepa na kunyanyuka, kama 1997 na 2019.

Kuna na mwezi wenyewe. Njia yake inayumba kwa mzunguko wa miaka 18.6, na bamvua linakua na kupungua nayo kwa sentimita chache. Ilikuwa juu karibu 2015. Yaani miaka hii mwezi unatuonea huruma. Utaanza kukaza tena kuelekea 2034.

#24 Sikuamini (saa 9:33)

Mwalimu, wewe ndiye wa kumpa mgonjwa habari njema hospitali.

#25 Kipanga_Wete (saa 10:12 jioni)

Mnazunguka tu. Kisiwa kinazama. Mnazi wa babu kule Tumbe ulikuwa mchangani, leo uko ndani ya maji. Bahari haijapanda, ardhi imeshuka. Pemba ilikatika kutoka bara, na kilichokatika kinaendelea kuteremka.

#26 Mwl_Ramani (saa 10:40)

Nusu ya maneno yako ni kweli. Mkondo wa Pemba ni bonde lililodidimia ardhi ilipopasuka, zama za kale mno. Unguja ni tofauti, iliungana na bara wakati bahari ilipokuwa chini zama za barafu. Lakini kudidimia kwa mamilioni ya miaka hakuzamishi mnazi wa babu ndani ya umri wa mjukuu. Mnazi kuwa ndani ya maji maana yake ufukwe umeliwa.

#27 Kipanga_Wete (saa 10:44)

Umepima wewe?

#28 Mwl_Ramani (saa 10:45)

Sijapima.

#29 Kipanga_Wete (saa 10:45)

Basi tuko sawa.

#30 Ustadh_wa_Mji (saa 1:50 usiku)

Msisahau mwenye bahari. Na kwa taarifa tu, pale palipokuwa na mzimu wa kijiji chetu walipafyeka wakajenga choo. Bamvua la kwanza choo kikaondoka. Siuamini mzimu, nasema tu wazee walipapa jina wakapaogopa, kwa hiyo hapakukatwa mti miaka yote. Alipokuja mtu asiyeogopa ndipo maji yakaja.

#31 Mlilana (saa 1:58)

Ustadh, hiyo ndiyo hifadhi bora kuliko zote nilizowahi kuziona.

#32 Punda_wa_Mchanga (saa 3:15 usiku)

Naona wote mnapita pembeni ya mchanga. Nimeendesha gari la mchanga miaka sita kabla sijaacha, nazungumza ninachokijua. Ufukwe ni ukuta. Wimbi linapopanda mchanga linachoka lenyewe. Mkichota gari moja hamuoni kitu, gari mia mnaona. Tulikuwa tunachota usiku maji yamekupwa, tunajaza, asubuhi bahari imesawazisha unadhani hakuna aliyegusa. Kumbe imeuazima kutoka kwa jirani. Tena watu wa kijijini wenyewe ndio waliotuita, wanajenga. Ukiwaambia mchanga wa shimo wanasema ghali.

Bibie, nenda katazame kile kilima cha mchanga kati ya uwanja wa mpira na mikoko. Kama kipo bado, nimekosea.

#33 BintiKengeja (saa 3:40)

Hakipo. Kuna njia ya gari.

#34 Zenj_Uholanzi (saa 4:30)

Kingine cha kuongeza. Si lazima dhoruba iwe kwenu. Mei 2007 dhoruba ilitokea mbali huko kusini ya Afrika Kusini, ikatuma mawimbi yakavunja bandari ya Saint-Pierre kisiwani Réunion, na siku chache baadaye yakaingia visiwa vya Maldivi na kufurisha nyumba. Kule jua lilikuwa linawaka. Mwisho wa baridi ya kusini, Agosti hivi, dhoruba kama hizo ziko nyingi. Pengine mama kaletewa mzigo ambao haukuandikwa jina lake.

#35 MzeeWaDema (saa 4:48)

Hilo sitalikataa, ila mbele yetu kusini mashariki kuna Bukini (Madagaska), kisiwa kizima kimekaa kama pazia. Wimbi la kule linapata shida kutufikia. Tungekuwa tunalipata, Jambiani wangelala milimani.

#36 Mwani_Jambiani (saa 5:10)

Mzee wangu, kuna siku hapana upepo hata wa kuzima kibatari na wimbi refu linakuja taratibu, moja, lingine baada ya muda mrefu. Sie tunaliona mwezi wa saba na wa nane. Sijui linatoka wapi lakini si la kusi la hapa.

#37 MzeeWaDema (Jumatano, saa 11:30 alfajiri)

Nimelala nalo. Limekuwepo hilo. Tulikuwa tukisema bahari inapumua.

#38 Mganga_wa_Kisima (saa 3:00 asubuhi)

Hakuna aliyejibu kuhusu kisima. Binti, msikivute sana kwa pampu sasa hivi. Visiwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, mkivuta kwa pupa ya chini yanapanda. Kama chumvi imeingia kwa juu, choteni maji machafu kidogo kidogo muyamwage mbali, kisha subirini mvua. Mtoto mchanga asipewe. Kwa mpunga mna bahati, umeshavunwa; lakini msubiri masika yapige bonde barabara kabla ya kumwaga mbegu, na mfungue ukingo wa chini maji ya mvua yatoke na chumvi. Wengine huziba tuta wakidhani wanazuia bahari, kumbe wameifungia ndani.

#39 BintiKengeja (saa 3:25)

Allah akulipe. Hili ndilo mama alilokuwa akiniuliza tangu mwanzo, haya mengine anasema nyinyi mna nafasi.

#40 Mtaro_Funguni (saa 3:31)

Mwambieni bi mkubwa tunamheshimu.

#41 Punda_wa_Mchanga (saa 4:05)

Pendekezo. Tunabishana kwa sababu hakuna alama. Binti, mpigie kaka yako apige msumari kwenye nguzo ya baraza pale maji yalipofika, doa la tope bado litakuwepo. Kila bamvua aweke mwingine, na aandike upepo ulikuwa wapi. Mwakani tutakuwa na maneno.

#42 Kipanga_Wete (saa 4:09)

Na kama nguzo yenyewe inazama?

#43 Sikuamini (saa 4:10)

Huyu hachoki.

#44 BintiKengeja (wiki mbili baadaye, Jumapili saa 1:20 asubuhi)

Narudi na habari, mtanisamehe ukimya.

Msumari ulipigwa. Leo alfajiri ilikuwa bamvua la mwezi mwandamo. Kaka kakesha na tochi. Anasema upepo haukuwepo kabisa, bahari kama kioo. Maji yalikuja polepole bila wimbi hata moja, yakapanda nguzo, yakaupita msumari kwa unene wa kiberiti, yakasimama kama robo saa, yakashuka.

#45 MzeeWaDema (saa 1:45)

Bila upepo?

#46 BintiKengeja (saa 1:46)

Bila upepo, mzee wangu. Kaka anasema moshi wa sigara yake ulikwenda juu moja kwa moja.

#47 Mwl_Ramani (saa 1:58)

Tumekaribia zaidi Septemba 22, usiku na mchana unapolingana, kwa hiyo bamvua lenyewe ni kubwa kuliko lile. Inawezekana limefidia upepo uliokosekana. Au njia ya gari imezidi kuchimbika. Au vyote.

#48 Punda_wa_Mchanga (saa 2:03)

Njia ya gari.

#49 Mlilana (saa 2:04)

Mililana.

#50 Kipanga_Wete (saa 2:04)

Nilisema mimi.

#51 MzeeWaDema (saa 2:30)

Bamvua linalofuata, la mwezi mpevu, nitapanda boti nije nione kwa macho. Mama anapika nini?

#52 BintiKengeja (saa 2:41)

Karibu sana, utakula pweza wa nazi. Mama kahama chumba cha mbele, lakini nyumba kasema haihami. Kamwita fundi jana, kitanda kimepandishwa juu ya matofali manne kila mguu. Anasema sasa bahari ipite chini ikitaka.

#53 Sikuamini (saa 2:44)

Matofali hayo, mchanga wake kautoa wapi?

#54 BintiKengeja (saa 2:59)

Nyamaza wewe.